Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuikagua na Kuijaribu kwa Risasi Bunduki Kuukuu ya Lee-Enfield

Bunduki za Lee-Enfield zilitengenezwa kwa mamilioni Uingereza, Australia, India, Kanada na Marekani, na majeshi yalipozistaafisha, nyingi ziliuzwa kwa raia. Wasemaji wa Kiswahili wanaozimiliki leo wengi wao wanaishi Kanada, Marekani au Uingereza, na baadhi yao huzipenda kwa sababu ya historia: wazee wetu waliotumikia Keya, yaani King's African Rifles, waliibeba bunduki hii, wakiwemo waliofika Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Majibu yafuatayo ni ya mtu aliyeipata bunduki ya namna hiyo kihalali na anayetaka kujua kama bado inafaa kufyatuliwa. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: risasi ya kwanza hufyatuliwa baada ya ukaguzi kukamilika, na kamwe haitumiki kama njia ya kukagua.

Ni Lee-Enfield ipi inayozungumziwa hapa?

Kwa sehemu kubwa ni No. 4, iliyoanza kutoka viwandani kwa wingi mwaka 1941. Uingereza ilitengenezwa Fazakerley, Maltby na katika kiwanda cha kampuni ya BSA kule Shirley, Kanada ilitengenezwa Long Branch, karibu na Toronto, na Marekani ilitengenezwa na kampuni ya Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts, ikiwa na chapa ya maneno "U.S. PROPERTY" ingawa ilikusudiwa kwa Waingereza. Mengi yatakayosemwa yanaihusu pia ile iliyoitangulia, No. 1 Mk III (Mk ni toleo), iliyopitishwa mwaka 1907, na pale zinapotofautiana nitasema. Zote mbili hutumia risasi ya .303, ambayo ganda lake lina ukingo uliochomoza kwenye kitako, na ukingo huo ndio chanzo cha mambo mengi yatakayoelezwa.

Je, sheria inaniruhusu kuwa nayo na kuifyatua?

Inategemea mahali ulipo, na swali hili hujibiwa na mamlaka ya eneo lako kabla hujalipa senti. Uingereza unahitaji cheti cha silaha kinachotolewa na polisi, nacho hutaja aina ya bunduki na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Kanada unahitaji leseni ya kumiliki silaha. Marekani kuna sheria za serikali kuu na za kila jimbo, na silaha iliyotimiza miaka 50 ikiwa katika umbo lake la asili huingia katika kundi la silaha za kale zinazokusanywa, jambo ambalo haliiondoi katika masharti mengine.

Na nikiikuta bunduki ya babu nyumbani Kenya au Tanzania?

Hapo usianze ukaguzi wowote. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, na chini ya sheria ya Tanzania ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, hata kama silaha hiyo ina kutu na haijaguswa tangu enzi za mkoloni. Usiipakie ndani ya gari wala kutembea nayo barabarani. Iache ilipo, wazuie watoto wasiifikie, kisha uwasiliane na kituo cha polisi au umwone wakili akuelekeze namna ya kuikabidhi. Majibu mengine yote yaliyomo humu ni ya mtu ambaye tayari ana kibali.

Bunduki inaonekana nzima. Kwa nini nisiipeleke uwanjani nikaipiga tu?

Kwa sababu kasoro zenye hatari kubwa hazionekani kwa nje. Risasi inapolipuka, ganda laini la shaba ndilo linaloziba gesi yenye shinikizo kubwa mno, na kinacholizuia ganda hilo lisirudi usoni mwako ni komeo, yaani kile chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono. Bunduki iliyopita vita viwili, maghala matatu na mikono ya wafanyabiashara wasiojulikana inaweza kuwa na komeo la bunduki nyingine, mtutu uliovimba au chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, iliyotobolewa kwa makusudi. Kitako kilichong'arishwa vizuri hakikwambii lolote kati ya hayo. Nimewaona watu makini wakitumia wiki nzima kusoma historia ya namba ya bunduki yao bila kutenga hata nusu saa ya kuchungulia chemba, na jambo hilo hunisikitisha, kwa kuwa ukaguzi wa awali hauhitaji zaidi ya tochi, vitambaa, fimbo ya kusafishia na subira.

Nianzie wapi?

Anza kwa kuhakikisha kwamba haina risasi. Ondoa magazini, fungua komeo, tazama ndani ya chemba, halafu ingiza kidole ukaguse. Baada ya hapo soma chapa zilizogongwa kwenye chuma kabla ya kushika chombo chochote.

Herufi DP zinamaanisha kwamba bunduki ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride tu. Baadhi ya bunduki hizo zilitobolewa tundu kwenye chemba, na nyingine ziliunganishwa kutokana na vipande vilivyokataliwa na wakaguzi wa jeshi. Usiifyatue yenye chapa hiyo, na uwe macho na mahali ambapo chuma kimesuguliwa kana kwamba kuna herufi zilizofutwa. Angalia mwili (chuma kinachobeba komeo), mtutu, komeo na mbao pia. Chapa ya FTR, ambayo mara nyingi huambatana na mwaka, ni habari njema, kwa kuwa inaonyesha kwamba bunduki ilirudishwa kiwandani ikafanyiwa matengenezo kamili.

Tafuta pia chapa za uthibitisho wa shinikizo. Bunduki iliyouzwa kwa raia kupitia Uingereza ilipaswa kupita katika nyumba ya majaribio ya London au ya Birmingham, ambako hufyatuliwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida na kugongwa alama kwenye mtutu. Alama hizo zinathibitisha kwamba siku ile ilikuwa imara. Hazisemi lolote kuhusu yaliyotendeka baadaye.

Zipo pia nakala zilizofuliwa kwa mkono katika karakana za Darra Adam Khel, karibu na Peshawar, Pakistan. Kwa mbali hufanana sana na za Kiingereza, ila ukisogea utaona herufi zilizopinda, neno lililokosewa tahajia, herufi N iliyogeuzwa, au tarehe isiyolingana na aina ya bunduki. Chuma chake hakina uhakika wowote. Ukishuku kwamba ndiyo uliyo nayo, itundike ukutani kwa namna ambayo sheria inaruhusu, na usiitie risasi kabisa.

Namba ya komeo ikitofautiana na ya mwili wa bunduki, ni tatizo?

Ni sababu ya kusimama na kupima. Kiwandani kila komeo lilisawazishwa na mwili wake mmoja ili jino la kufungia lililo upande mmoja na ukingo mrefu ulio upande wa pili vibebe mzigo kwa pamoja, ndipo namba moja ikagongwa pande zote mbili. Komeo la kuokoteza linaweza kuegemea upande mmoja tu. Fundi bunduki hulijua hilo kwa kupaka wino wa kupimia kwenye sehemu zinazogusana, kufunga na kufungua komeo, kisha kutazama mahali wino ulipofutika. Namba zikilingana, bado pengo la komeo lazima lipimwe.

Pengo la komeo ni nini, na hupimwaje?

Ni nafasi ambamo ukingo wa ganda hukaa kati ya uso wa komeo na ukuta wa nyuma wa mtutu wakati komeo limefungwa. Ikiwa ndogo mno, komeo halifungi vizuri. Ikiwa kubwa mno, ganda husukumwa nyuma na shinikizo huku sehemu yake ya mbele ikiwa imeng'ang'ania kuta za chemba, nalo likavutika hadi kukatika karibu na kitako, na gesi ikatoka.

Jeshi la Uingereza lilitumia geji (vipimio) mbili za chuma kigumu. Komeo lilitakiwa kufunga juu ya geji ya inchi 0.064, sawa na milimita 1.63, na lisifunge juu ya geji ya inchi 0.074, sawa na milimita 1.88. Viwango vya watengenezaji risasi wa Marekani ni vikali zaidi, na ndiyo maana bunduki moja inaweza kufaulu kwa mkaguzi mmoja na kukataliwa na mwingine. Muulize fundi wako anatumia kipimo kipi. Unapopima, toa pini ya kugonga pamoja na springi yake ikiwezekana, safisha chemba na uso wa komeo, kisha ufunge kwa uzito wa kidole kimoja. Anayelazimisha kwa nguvu za kiganja anaumiza geji na kujidanganya mwenyewe.

Habari ya kutia moyo ni kwamba No. 4 ilibuniwa ili urekebishaji huu uwe rahisi. Kichwa cha komeo hufunguka kwa kuzungushwa, nacho kilitengenezwa kwa urefu wa aina nne, vyenye namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kikiwa kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Bunduki iliyoshindwa ikiwa na kichwa namba 1 huenda ikafaulu ikiwa na namba 2. Tahadhari ni kwamba namba hizo ni za makadirio, na namba 2 ya kiwanda kimoja inaweza kukaribia namba 3 ya kingine, kwa hiyo hupimwa kila kimoja baada ya kufungwa. Bunduki inayoshindwa hata ikiwa na namba 3 haina dawa ya bei nafuu. No. 1 haina mpangilio huo wa namba, na kuirekebisha ni kazi ya fundi mwenye akiba ya vichwa vingi vya kujaribu.

Karatasi ya plasta iliyobandikwa kwenye kitako cha risasi si geji. Ushauri huo unazunguka sana. Inafaa kwa kukisia tu, na katika jambo hili sioni sababu ya kukisia wakati geji halisi ni ya bei ndogo kuliko boksi chache za risasi.

Ndani ya mtutu ni giza na kuna vishimo. Je, umekwisha?

Huenda haujaisha. Usihukumu mtutu kabla ya kuusafisha, kwa maana weusi mwingi huwa ni grisi ya ghalani iliyoganda, masizi ya baruti na mabaki ya metali kutoka kwenye risasi za miongo mingi. Sugua kwa brashi ya shaba na dawa ya kutolea baruti, acha usiku kucha, rudia, kisha utumie dawa ya kutolea shaba. Chemba inahitaji brashi yake pana zaidi, na inapasa kukauka kabisa, kwa kuwa grisi au mafuta kwenye chemba hulizuia ganda lisishike kuta, na mzigo wote huangukia komeo. Waingereza walilijua hilo vyema kiasi kwamba katika majaribio yao ya kiwandani walifyatua risasi moja kavu ya shinikizo kubwa, na nyingine iliyopakwa mafuta.

Mtutu ukiwa safi, uelekeze dirishani. Mifereji ya ndani kwa kawaida ni 5, ikizunguka kushoto, ingawa wakati wa vita Long Branch na Savage walitoa mitutu ya mifereji 2, na mitutu hiyo hulenga vizuri. Mifereji yenye kingo kali pamoja na vishimo vidogo vilivyotawanyika ni hali ya kawaida kwa umri huu. Kinachotisha ni duara jeusi linaloonekana kama pete mahali fulani ndani ya mtutu, kwa kuwa hiyo ni dalili ya uvimbe uliosababishwa na risasi kukuta kizuizi. Pitisha vidole juu ya chuma kwa nje, sukuma taratibu kitambaa kinachobana, na ukisikia kimelegea ghafla mahali pale pale penye pete, mtutu huo usifyatuliwe tena.

Kagua hasa mdomo wa mtutu. Askari waliusafisha kwa kamba yenye kizito cha shaba, iliyohifadhiwa ndani ya kitako, na kamba iliyojaa mchanga iliyovutwa kwa pembe miaka nenda miaka rudi ililila tundu la mdomo upande mmoja. Bunduki ya namna hiyo ni salama, ila hutawanya risasi.

Nahitaji kuzivua mbao?

Ndiyo, angalau mara moja, kwa sababu kutu mbaya hujificha chini ya mbao, mahali ambapo jasho na mvua viliingia na havikutoka. Kwenye No. 1 ondoa kwanza mbao za mbele kabla ya kulegeza skrubu ndefu ya kitako; ncha ya skrubu hiyo ina pembe nne na imeshikana na mbao za mbele, na ukiizungusha kabla ya wakati utazipasua. Ziangalie mbao pale zinapopokea msukumo wa nyuma, karibu na kifyatulio. Zikiwa zimekauka, zimesinyaa au kuoza kwa mafuta, mwili wa bunduki hucheza, na shabaha hupotea bila sababu inayoonekana. No. 4 inatakiwa pia mtutu uegemee mbao kwa shinikizo dogo karibu na mdomo. Unyanyue mtutu kwa kidole gumba uone kama unakataa kidogo kabla ya kuinuka.

Kifyatulio na kizuizi cha usalama hujaribiwaje?

Bunduki ikiwa tupu, tega pini, weka kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiache, kisha uondoe kizuizi. Pini ikiruka yenyewe, kuna hitilafu. Tega tena, ugonge kitako sakafuni juu ya mkeka wa mpira, pini isianguke. Sukuma komeo mbele kwa kasi mara kadhaa na uone kama pini inabaki imetegwa kila mara. Mvuto wa kawaida una hatua mbili, ya kwanza nyepesi na ya pili nzito yenye kikomo kinachohisika. Kwenye No. 4 Mk I kifyatulio kimeshikizwa kwenye kinga yake, hivyo mbao zikisinyaa mvuto nao hubadilika. Kasoro hiyo ndiyo iliyoondolewa katika Mk 2 ya mwaka 1949, ambayo kifyatulio chake kinaning'inia kwenye mwili wa chuma.

Wenye Mk I* wana jambo moja la ziada. Kichwa cha komeo hutolewa kupitia mwanya uliokatwa kwenye reli, na kingo za mwanya huo humeguka. Rudisha komeo nyuma huku ukibinya kichwa chake kwenda juu kwa kidole gumba; kikichomoka kabla ya mahali pake, mpe fundi.

Nitumie risasi zipi?

Kwa jaribio la kwanza, risasi mpya za kiwandani zenye uzito wa kawaida wa kijeshi. Risasi ya Mk VII iliyoingia jeshini mwaka 1910 ilikuwa na kichwa cha greni 174, takriban gramu 11.3, chenye kasi ya karibu mita 744 kwa sekunde, na makampuni kadhaa hutengeneza risasi zinazokaribia kipimo hicho. Risasi za kijeshi za zamani hazifai kwa jaribio: huwezi kujua kama tatizo ni la bunduki au la baruti iliyozeeka kwenye joto la ghala. Risasi zilizojazwa nyumbani na mtu mwingine zisitumike, hata akiwa rafiki.

Soma pia kilichoandikwa kwenye mtutu. India ilitengeneza huko Ishapore bunduki za sura hiyo hiyo zinazotumia risasi ya milimita 7.62, na baadhi ya .303 ziligeuzwa kuwa za .410 kwa ajili ya walinzi. Sura peke yake haikuhakikishii risasi.

Wengine huifunga bunduki kwenye tairi na kuvuta kifyatulio kwa kamba. Je, nifanye hivyo?

Sina pingamizi nalo, mradi umeshamaliza ukaguzi wote, uwanja unaruhusu na bunduki imeelekezwa kwenye tuta la risasi. Inakuweka mbali risasi ya kwanza inapolipuka, na hilo ni jambo jema. Ninachopinga ni imani kwamba bunduki iliyostahimili risasi mbili kwenye tairi imethibitishwa. Ganda linaweza kuvutika mara ya kwanza bila kukatika, na chuma chenye ufa kinaweza kuvumilia leo. Thamani ya zoezi hilo imo katika yale maganda mawili utakayoyaokota na kuyachunguza.

Siku ya jaribio iendeshwe vipi?

Nenda na mtu mwingine, kwenye uwanja wa shabaha wenye msimamizi. Miwani ya kinga ni ya lazima hapa kuliko kwa bunduki nyingine, kwa sababu gesi inayovuja huelekea usoni; masikio nayo yakingwe. Pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na chemba, na uchungulie mara ya mwisho uone mwanga upande wa pili.

Ingiza risasi moja tu. Shika kitako barabara begani, shavu likiwa mahali pake, na ufyatue ukielekea shabaha ya mita 25. Fungua komeo polepole, ukihisi uzito wa kulivuta, na ulipokee ganda mkononi badala ya kuliacha lianguke kwenye mawe. Litazame. Ikiwa ni safi, rudia mara mbili au tatu kwa risasi moja moja, ukitazama kila ganda. Baada ya hapo weka risasi mbili kwenye magazini, halafu 5. Magazini hubeba 10, na namna ya kuzipanga ni muhimu kwa sababu ya ule ukingo: ukingo wa risasi ya juu uwe mbele ya ukingo wa iliyo chini yake, la sivyo zitakwamana, na mtu ataitupia lawama bunduki isiyo na kosa.

Ganda lililotumika linanieleza nini?

Linakueleza mengi kuliko shabaha, na ndilo ningelitaka kama ningeruhusiwa kuona ushahidi mmoja tu. Anza na pete inayong'aa kuzunguka ganda, kiasi cha sentimita moja juu ya kitako. Pete hiyo ni mahali shaba ilipovutika ikawa nyembamba. Chukua waya mwembamba, upinde ncha, uingize ndani ya ganda na uukwaruze ukutani kutoka chini kwenda juu. Ukihisi ncha inaingia kwenye mfereji pale pale, ganda lilikuwa njiani kukatika. Acha kufyatua, urudi kwenye geji.

Itazame fataki, yaani kile kifuniko kidogo katikati ya kitako cha ganda kinachogongwa na pini ili kuwasha baruti. Alama ya pini iwe ya mviringo, yenye kina cha kutosha, na iwe katikati. Fataki iliyotoboka inaashiria pini ndefu mno au yenye ncha kali. Mchomozo wa pini unatakiwa uwe kati ya milimita 1 na 1.3 hivi. Fataki iliyochomoza nje ya kitako huonyesha pengo kubwa. Fataki iliyobapa kabisa pamoja na komeo zito kufunguka ni dalili za shinikizo kubwa, na zote mbili zikija pamoja, jaribio limekwisha kwa siku hiyo.

Ganda lenye mikwaruzo ya urefu au lililotoka kwa shida hueleza juu ya vishimo vya kutu ndani ya chemba. Masizi kidogo shingoni ni kawaida. Kupanuka kwa ganda karibu na bega, yaani pale linapopungua kuelekea shingo, nako kusikutishe: chemba za kijeshi zilikatwa pana makusudi ili zipokee risasi zenye matope ya Flanders, Ubelgiji, ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ganda hujaza nafasi linayopewa. Wageni wengi wa bunduki hii huliona bega limehama wakadhani pengo la komeo limeharibika, ilhali kwenye risasi yenye ukingo pengo hupimwa kwenye ukingo, si kwenye bega.

Yaweke maganda kwa mpangilio yalivyotoka, uandike namba kwa kalamu ya wino. La kwanza na la kumi yakifanana, umepata jibu la uhakika zaidi.

Risasi isipolipuka?

Endelea kuielekeza bunduki kwenye tuta na usubiri angalau sekunde 30 bila kufungua komeo, kwa kuwa baadhi ya fataki huchelewa. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usiingize risasi nyingine hata kama komeo linafunga vizuri. Fungua, toa kila kitu, na uuchungulie mtutu kwa upande wa chemba, maana huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani.

Nitarajie usahihi gani?

Kiwanda kiliikubali bunduki iliyoweka risasi 4 kati ya 5 ndani ya mstatili wa inchi 1 kwa 1.5, kwa umbali wa futi 100. Ukikihesabu kipimo hicho hadi mita 100, unapata eneo la upana wa kama sentimita 8 na urefu wa 12. Basi mwenye kupata kundi, yaani mkusanyiko wa matundu ya risasi, la sentimita 10 kwa vilengeo vya chuma ana bunduki nzuri, na asisumbuliwe na picha za makundi madogo.

Iegemeze kwenye mfuko wa mchanga karibu na magazini, si karibu na mdomo, ili usivuruge mtutu na mbao zake. Fyatua 10 polepole. Makundi mawili yaliyotengana huelekeza kwenye mbao zilizolegea. Risasi zinazopanda kadiri mtutu unavyopata joto huonyesha mahali mbao zinapousukuma. Matundu yaliyorefuka kama tundu la ufunguo yanaonyesha kwamba kichwa cha risasi kinaruka kikiyumba, ama kwa sababu mtutu umelika, ama kwa sababu kichwa ni chembamba kuliko mifereji.

Kundi likiwa zuri ila liko juu, usishangae: kilengeo rahisi cha kupindua kina matundu mawili tu, la yadi 300 na la yadi 600, kwa hiyo kwenye yadi 100 risasi lazima zipande. Dawa ni kubadili kilengeo cha mbele. Vilitengenezwa vya urefu mbalimbali vinavyopishana kwa inchi 0.015, na hatua moja huhamisha risasi kwa karibu sentimita 5 kwenye mita 100. Kilengeo kirefu zaidi hushusha risasi.

Baada ya kufyatua nisafisheje?

Kwa risasi mpya za kisasa, dawa ya baruti na mafuta kidogo vinatosha. Ukija kutumia za kijeshi za zamani, jua kwamba fataki nyingi za wakati huo ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hunyonya unyevu na kuleta kutu ndani ya siku moja. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, na jeshi liligawa faneli maalumu ya kumiminia maji ya moto kupitia chemba. Mimina maji yanayochemka siku hiyo hiyo, acha chuma kijikaushe kwa joto lake, pitisha vitambaa hadi vitoke vikavu, kisha paka mafuta. Uso wa komeo usisahauliwe.

Ikionekana haifai kufyatuliwa, au inafaa lakini imechakaa, niifanyeje?

Isiyofaa iandikiwe kibandiko kinachoeleza sababu na kufungwa kwenye kinga ya kifyatulio, ili atakayeirithi au kuinunua asirudie hatari ile ile. Fundi mwenye leseni anaweza pia kuizima kabisa kwa taratibu za nchi yako. Inayofaa iache na makovu yake. Kusugua mbao kwa msasa hufuta chapa za wakaguzi na kulegeza mahali mbao zinapokutana na chuma, na kupaka chuma rangi upya hufunika nyufa ambazo mkaguzi anayefuata angehitaji kuziona. Mbao zilizokauka zipakwe mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Pengo la komeo lipimwe tena kila baada ya risasi mia chache, na kila mara kichwa cha komeo au komeo lenyewe linapobadilishwa.